Bei ya andazi na ndoto za alfajiri

Mwezi wa kwanza ndio mwezi wangu. Shule zinafunguliwa, kaunta buku za kwaya mbili zinatoka katoni kwa katoni, na mzazi akishamlipia mtoto huwa anabaki kidogo pale mezani, anaipapasa moja yenye jalada gumu, anauliza, "Na hii shilingi ngapi?" Wengi wanairudisha. Wanaonunua husema ni ya hesabu za biashara. Siwabishii. Hesabu za biashara zikifika mwezi wa tatu huanza kuchanganyika na tarehe ya posa, uzito wa mtoto kliniki, dawa ya kikohozi iliyomfaa bibi, na hapo mtu keshakuwa na kitabu cha maisha yake bila kukusudia.

Nina steshenari Tandika, Dar es Salaam, chumba kimoja chenye mashine mbili na feni. Natoa kopi, nachapa, napiga picha za pasipoti, nafunga ripoti za wanafunzi, nawajazia watu fomu za mkopo wa chuo na maombi ya kazi mtandaoni. Usiku, nikishahesabu mauzo, naandika. Nimeandika tangu niko sekondari Tanga, kwenye madaftari ya mazoezi yaliyobaki nusu, baadaye kwenye kaunta buku, ambazo leo nazipata kwa bei ya jumla, na hiyo ndiyo faida pekee ya uhakika katika biashara hii.

Watu wakisikia naandika hudhani nina siri nzito. Sina. Kanuni yangu ni moja: naandika vitu. Bei, majina, nani kasema nini, mvua ilianza saa ngapi, nimeota nini. Nilivyojisikia siandiki. Mfano huu hapa, wa mwaka jana: "Jumanne. Mvua tangu alfajiri. Wino wa mashine kubwa umeisha. Kijana kaja kuchapa kadi za mchango wa harusi, kadi 80. Jina la bibi harusi kabadilisha mara mbili. Mara ya pili si kosa la herufi." Sijaongeza neno. Nikiusoma ukurasa ule namwona yule kijana alivyokuwa akiitazama simu yake, na namna nilivyojitia kuhangaika na karatasi ili asinione nikicheka.

Kuna binti wa chuo, anasoma saikolojia, alileta utafiti wake nimchapie. Mchapaji husoma hata asipotaka. Ndani yake palikuwa na habari za James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1986 yeye na mwenzake Sandra Beall walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi: andika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Kundi moja liliandika mambo ya kawaida tu, makundi mengine yaliandika mambo mazito yaliyowahi kuwapata. Walioandika mkasa pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Binti akaniuliza, "Anti, na wewe si unaandika? Unaandika hisia?" Nikamwambia naandika bei ya andazi. Akanitazama kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyeficha ugonjwa.

Simpingi Pennebaker, na walioandika hawakusemwa kuwa wamefurahi. Saa ile ya kuandika wengi walitoka na simanzi zaidi. Ila nina ushahidi wangu. Siku tuliyomzika baba niliandika mistari michache: nani kaosha, nani kachelewa basi, nani kagombana na nani kuhusu turubai. Na huu: "Ndugu wa Muheza wamefika na magunia mawili ya machungwa." Neno huzuni halimo. Lakini kila nikifika kwenye yale machungwa, natafuta pa kukaa. Hadi leo sijui ni nani aliyewaza kubeba machungwa msibani, na watoto wakayala, na maganda yakajaa uani mpaka jirani akaja na fagio. Ningeandika "nina uchungu mkubwa sana," leo ningesoma na kupita. Uchungu mkubwa sana kila mtu anao. Machungwa yale yalikuwa ya baba yangu peke yake.

Utaniambia simu inafanya kazi hiyo. Inapiga picha, inaweka tarehe, inajua hata ulikuwa Mbagala au Mwenge. Kweli. Na wateja wangu wengi maisha yao yote yako mle, mpaka siku simu inapoporwa kwenye daladala, au inapoanguka chooni, ndipo mtu anakuja kwangu kuuliza kama ile picha niliyomwekea kwenye fomu ya mwaka juzi bado ninayo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba jana usiku alikaa akazipitia picha zake. Zinaingia tu. Mwanangu ana picha za wali. Nimemuuliza wali wa wapi, hakumbuki.

Na kwa mambo tunayolazimika kukumbuka, vichwa vimeelemewa. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Ya LUKU unayopewa ukinunua umeme, 20. Kuna namba ya malipo ya serikali, namba ya mlipakodi, namba ya mtihani wa kidato cha nne ambayo mtu wa miaka 40 bado anadaiwa kwenye fomu. Halafu pasiwedi. Hapo ndipo lilipozaliwa daftari langu la pili, ambalo si la kwangu. Watu walianza wenyewe: "Mama, nishikie hii pasiwedi, mimi nitasahau." Nikawa nashika. Lina mkanda mwekundu, linalala kwenye kabati la chuma, na masharti yake yapo: namba ya siri ya pesa sishiki, ya benki sishiki, hata ukinililia. Barua pepe na maombi ya kazi, sawa. Mzee mmoja mstaafu, pasiwedi yake ni jina la mwanamke na mwaka. Aliinama akaninong'oneza, akaomba nisiandike jina zima, niweke herufi za mwanzo tu, maana mkewe naye huja kutoa kopi hapa. Nikaweka herufi mbili. Kila akija na kusema amesahau, namtajia mwaka tu, naye anatabasamu, jina linamrudia.

Lile daftari la mkanda mwekundu nalipenda kuliko la kwangu. Hakuna mtu anayejiandalia pasiwedi ya kumpendeza mtu. Kuna majina ya watoto waliofariki mle. Kuna timu. Kuna kijana aliyeweka "nitapata" pamoja na mwaka, na kila mwaka anakuja kubadilisha namba ya mwisho.

Vijana hawa wa ajira ndio wanaoingia kwenye daftari langu zaidi siku hizi. Zamani kijana alikuja na barua ya kuomba kazi aliyoiandika kwa mkono, ina makosa, ina mstari mmoja ambao haukutakiwa kuwemo, kwa mfano kwamba mama yake anauza mihogo Temeke Mwisho na yeye ndiye humenya. Leo anakuja na barua iliyotoka kwenye akili bandia, safi, haina doa, na ni ileile aliyoleta mwenzake asubuhi. Wote ni wachapakazi, wote wana uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo, wote wana shauku na taasisi yako tukufu. Nachapa. Nachukua shilingi mia tano yangu kwa ukurasa. Lakini usiku naandika yule wa mihogo, maana nisipomwandika mimi hakuna mahali pengine atakapobaki.

Na ujumbe wa simu naunakili. Ule wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umo, na siku uliponifikia sikuwa na hela ya kumtumia mtu yeyote. Niliucheka mpaka mteja akauliza kuna nini. Umo na mwingine ambao haukuchekesha. Ulitoka kwenye moja ya zile programu za mikopo ya haraka, ukinitaarifu kwamba msichana fulani anadaiwa na mimi nimetajwa kuwa mtu wake wa karibu, nimwambie alipe kabla hawajasambaza picha yake. Si ndugu yangu. Namba yangu alikuwa nayo kwa sababu nilimchapia wasifu. Mtaa mzima, wenye namba kwenye simu yake, walipata ujumbe uleule. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zinazofanya kazi bila kibali, na wengi tulishangilia, lakini aibu ya msichana yule ilikuwa imeshatembea. Alikuja dukani baadaye kununua peni. Nikampa. Akauliza kama natoa kopi za rangi. Nikamwambia natoa. Hatukusema jingine. Katika daftari jina lake sikuliandika, na ni miongoni mwa mara chache sana nilizovunja kanuni yangu kwa makusudi.

Nimesema na ndoto naandika. Hapo mama hakuniunga mkono. Sisi watu wa Tanga, na hasa nyumba iliyokaa karibu na msikiti, ndoto ina adabu zake. Nzuri humwambii kila mtu, unamwambia anayekutakia mema. Mbaya haisimuliwi kabisa: unajikinga kwa Mwenyezi Mungu, unatemea mate mepesi upande wa kushoto mara tatu, unageuka ubavu, basi imekwisha. Nikamuuliza, "Mama, na ukiiandika je? Daftari lina masikio?" Akafikiri kidogo, akaendelea kuchambua mchicha. "Andika," akasema, "ila usiisome kwa sauti." Nimeifuata fatwa hiyo hadi leo.

Wazee wetu husema ndoto ya alfajiri ndiyo ya kweli. Ukweli wake siujui, ila urefu wake unaeleweka. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha habari za usingizi ambao ndani yake macho hukimbia huku na huku chini ya kope. Walioamshwa katika hali hiyo, wengi walisema walikuwa wakiota. Usingizi wa namna hiyo huja kwa vipindi, na kadiri usiku unavyokwenda vipindi hurefuka. Kwa hiyo anayeamka kwa adhana ya alfajiri anatolewa katikati ya hadithi ndefu kuliko zote za usiku ule. Shida ni kwamba hadithi haingoji. Ukishashika simu kuangalia saa, ukakuta ujumbe wa kundi la familia kuhusu mchango, ndoto imekwenda. Ndiyo maana daftari na penseli nimeviweka mchagoni na simu nimeiacha sebuleni. Penseli, kwa sababu peni ukiandika umelala wino haushuki. Mwandiko wa ndoto zangu ni wa kulewa, mistari inapandana, na asubuhi huwa namwita mwanangu anisaidie kusoma maneno mawili matatu, bila kumweleza ni nini.

Faida moja ya kuziandika ni kwamba unaweza kuzikagua. Kwetu, ukiota jino limeng'oka, kuna msiba. Nimeota meno sana. Kwa mujibu wa daftari, meno yamenitoka mara nyingi kuliko misiba iliyokuja, na misiba mikubwa ilikuja usiku nilioota vitu vya kipuuzi, kama kuhesabu vifungo. Nyoka ni adui: labda, lakini yule jirani aliyenigeuka sikumwota nyoka, nilimwota anasuka nywele. Nilichogundua ni kwamba ndoto nazo zinafuata wakati. Nilipokuwa msichana niliota naruka hewani juu ya barabara za Ngamiani. Nilipoingia kazini niliota nimechelewa mtihani wa taifa na namba yangu ya mtihani haipo kwenye dawati. Sasa naota nimetuma hela kwa mtu nisiyemjua, ujumbe unasema muamala umekamilika, jina la mpokeaji linabadilika kila nikilitazama. Nimewauliza wateja wawili watatu, kwa kuzungukazunguka. Na wao wanaiota.

Ndoto moja nitaitoa, kwa idhini ya mama, aliyesema kwamba ya marehemu si mbaya. Baba alikuwa mtu wa reli. Alianza kazi wakati reli ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikavunjika mwaka 1977, akaendelea, na baada ya kustaafu akawa mmoja wa wale wazee waliofuatilia mafao ya enzi za Jumuiya kwa miaka na miaka. Alikuwa na faili la kaki lililofungwa kwa kamba ya mkonge. Nikamwota ameingia dukani, amevaa koti lake la kazini, hakunisalimia kama baba, akanisalimia kama mteja. Akaniambia nimtolee kopi mbili mbili. Nikafungua faili: karatasi nyeupe, hazina kitu. Nikaona haya kumwambia. Nikaziweka kwenye mashine, na kopi zikatoka zimeandikwa, mistari imejaa juu hadi chini, kwa taipureta. Nikataka kusoma, akasema, "Usisome, piga stepla." Nikatafuta stepla. Nikaamka natafuta stepla.

Nilipomsimulia mama hakuhangaika na karatasi wala taipureta. Aliuliza tu, "Alikulipa?" Nikamwambia sikufikia kwenye malipo. "Basi anakudai," akasema. "Toa sadaka." Nikanunua maandazi nikawapelekea watoto wa madrasa, na bei yake nikaiandika chini ya ndoto, ukurasa uleule.

Kwenye utafiti wa yule binti palikuwa na jaribio jingine nililolichapa polepole kwa kusudi. Januari 28, 1986, chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka muda mfupi baada ya kurushwa. Kesho yake Ulric Neisser wa Chuo Kikuu cha Emory aliwapa wanafunzi karatasi waandike walikuwa wapi walipopata habari, walikuwa na nani, wakafanya nini. Miaka kama miwili na nusu baadaye wakaulizwa tena. Wengi walisimulia tofauti, baadhi hawakupatia hata jambo moja, na walikuwa na uhakika kabisa. Walipooneshwa karatasi zao, kwa mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikuwarudia.

Nilipofika hapo niliacha kuchapa, nikampigia dada yangu mkubwa.

Watanzania wa rika letu wote tuna jibu la swali hili: ulikuwa wapi siku aliyofariki Mwalimu Nyerere? Dada ana jibu zuri kuliko yote. Tulikuwa Muheza kwa bibi, tunapakia machungwa kwenye magunia, lori likasimama, dereva akazima injini, akavua kofia akasema Mwalimu hatunaye. Bibi akakaa chini juu ya machungwa. Nimeisikia hadithi hiyo kwenye harusi, kwenye vikao vya ukoo, na watoto wake wameisimulia shuleni. Mimi nilikuwa na daftari, kwenye tranka la shule, chini ya sare. Ukurasa wenyewe unasema: "Alhamisi 14/10/1999. Mwalimu Nyerere amefariki London. Rais Mkapa katangaza. Tumetoka darasani kabla ya muda. Andazi 20. Baba kaweka betri mpya kwenye redio. Mama kaniambia nisiimbe. Dada kapaka kucha rangi, mama kamwambia aifute."

Nikamsomea dada kwa simu. Akanyamaza.

"Hilo daftari linasema uongo," akasema.

"Dada, ni mwandiko wangu."

"Mwandiko wenyewe ulikuwa wa mtoto. Mtoto anajua nini?"

Nikamwambia ilikuwa Alhamisi, siku ya shule, Muheza tungefikaje. Akasema mimi tangu zamani napenda kumsahihisha. Kisha akaniuliza rangi ya kucha ilikuwa gani. Nikatazama, haikuandikwa. "Unaona?" akasema. Nadhani lile lori na yule dereva ni wa kweli, ila walileta habari ya msiba mwingine, mwaka mwingine, na bibi kweli alikaa juu ya machungwa. Dada hataki kusikia. Ila amenitaka niandike na ya kwake, kama alivyosema yeye, lori na kofia na yote, nami nimeiandika kwa tarehe ya siku aliyoniambia, mkabala na ya kwangu.

Tangu hapo anapiga kila mara. Anataka kujua nimeandika nini juu ya harusi yake, nani alichelewa, kuku walikuwa wangapi. Juzi kapiga kuuliza kama imeandikwa kwamba lile gauni la kijani nililovaa Idi mwaka ule lilikuwa lake. Nimemwambia nimepitia kurasa zote za mwezi ule, gauni la kijani halimo. Kasema nitafute vizuri, limo.